Kilichokuwa Ndani ya Breki

Kibosho, Moshi
Jumatatu, 20 Februari 1984

Kaka yangu Evaristo,

Shikamoo kaka. Ile homa uliyotuandikia wakati wa Krismasi imekuacha? Mama ananisumbua kila siku nikuulize kama unakula vizuri huko kiwandani. Sisi ni wazima. Mama hana tena nguvu za kubeba majani ya ng'ombe, lakini ukimwambia apumzike anakasirika. Baba anatembea na fimbo yake, na asubuhi goti humsumbua mpaka jua lichomoze.

Habari ya huku ni kwamba ile pikapu inatembea. Najua hutaki hata kuisikia ikitajwa, ila nivumilie. Kikundi chetu cha akina mama tumekuwa tukimwaga maziwa, kwa sababu lori la kijiji hupanda huku linapotaka. Ndipo nilipomwomba baba pikapu, ambayo haikuguswa tangu walipoikokota mpaka bandani ile Oktoba ya harusi ya dada yetu Anyesi. Baba alinizungusha wiki nzima. Kisha akasema niichukue, lakini hakuna mtu atakayeipanda mpaka niijue breki yake kama ninavyojua kukamua.

Nilimwendea mzee Thadeus, aliyekuwa fundi wa malori ya kahawa. Macho yake siku hizi yana ukungu, kwa hiyo aliniambia atakuja na kichwa chake, mikono itakuwa yangu. Aliketi kwenye kigoda, mimi nikapiga jeki, nikafungua magurudumu na kuvua dramu moja moja, yale maduara ya chuma yanayozunguka na gurudumu. Alinieleza kwamba mguu wako hausimamishi gari. Unasukuma mafuta tu, nayo hupita kwenye vipaipu hadi kila gurudumu, yakasukume viatu vya breki vishike dramu. Kinachozuia mafuta yasitoroke ni viraba vidogo, havizidi kifuniko cha chupa. Kaka, nilishangaa kwamba maisha ya watu wote walio garini yanategemea kitu kidogo namna hiyo.

Vile viraba nilipovitoa vilikuwa vimevimba na kulegea kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Mzee alivibonyeza, akanusa vidole vyake, akaniuliza, "Ni nani aliyetia oili ya injini kwenye breki?" Nikasema sijui. Akanieleza kwamba oili huharibu raba za breki. Raba huvimba, hulegea, halafu siku ya mteremko pedali huzama mpaka chini, na dereva hana la kufanya.

Raba mpya zilipatikana Holili mpakani, maana tangu mpaka ufunguliwe vitu vinapita. Nilisafisha kila kitu, nikafunga mwenyewe, nikatoa upepo uliobaki kwenye vipaipu huku mama akikanyaga pedali na kuuliza kila mara kama bado. Mzee Thadeus alikanyaga mwisho, akasema ni ngumu kama jiwe. Wote walifurahi, isipokuwa mimi.

Kaka, ni mimi niliyetia ile oili. Wiki ile ya harusi ulikuwa ukishusha na kupandisha wageni bila kupumzika. Niliona mafuta ya kile kikopo cha breki yamepungua, nikamimina oili iliyokuwa bandani. Nilidhani nakusaidia, wala sikuona haja ya kukuambia. Ulipogonga ule ukingo karibu na daraja na goti la baba likavunjika, ulisema pedali imezama. Watu wakasema ni pombe, ile mbege ya harusini. Nami nilisema hivyo hivyo, kwa kuwa nilikuona ukipokea ile kata moja. Ulirudia maneno yako mpaka ukachoka, na barua yako ya kwanza kutoka huko ilisema labda kweli ulilewa. Mimi ndiye niliyemsomea mama barua ile.

Sikusema mara moja, na hilo pia nikuambie. Zile raba zilizovimba nilizitupa chooni, nikakaa siku nne nikijidai nina homa. Jana baada ya misa nilimwambia baba. Alinyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, "Nilimwita mwanangu mlevi mbele ya wakwe zake Anyesi." Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Anasema msamaha wake hawezi kuutuma kwa mwandiko wa mtu mwingine. Atawaita wakwe wale wale, aseme mbele yao, nawe uwepo. Ukitaja siku, atakusubiri stendi ya Moshi tangu asubuhi.

Mimi sikuombi uniandikie kwamba yamekwisha. Miaka sita na zaidi si yangu kuisamehe. Njoo tu kaka, hata kama hutanisemesha.

Mama na Anyesi wanakusalimu sana. Mama hajaacha kulia tangu jana, lakini ameshakutandikia kitanda.

Mdogo wako,
Digna