Nilimbebesha Mdogo Wangu Mlango

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nyumbani hakuna anayenisikiliza tena. Mimi ni seremala, na mdogo wangu tunafanya kazi karakana moja, sasa mwaka jana nimonia ilitulaza wote wiki moja, mimi siku ya tisa nilikuwa napiga randa, yeye huu ni mwezi wa kumi na moja tangu augue, akipanda ngazi nne tu anatafuta pa kukaa, na mama anasema ndivyo alivyo, hata surua ya utotoni mimi niliimaliza kwa wiki, yeye akakosa shule muhula mzima, lakini mimi nikaona anadeka, nikambandika jina la Mstaafu, mafundi wakacheka, naye akawa anacheka nao. Wiki iliyopita nikamwambia, "Mlango huu leo unaupeleka wewe, ghorofa ya tatu." Akaniuliza, "Kaka, peke yangu?" Nikamjibu, "Kwani una mimba?" Akaubeba, akaanguka kabla hajafika, sasa amelazwa anapumulia oksijeni, na mkewe alinizuia mlangoni mwa wodi, akasema, "Shemeji, rudi ulikotoka." Mshauri, kosa langu liko wapi, wakati tuliugua ugonjwa uleule?

Bwana seremala,

Ugonjwa ulikuwa mmoja, miili ilikuwa miwili. Hesabu hiyo imekushinda, wewe unayepima milango? Yupo anayeugua, akaamka, akasahau. Yupo mwingine ambaye kila ugonjwa humpunguza, na unaofuata unamkuta hajajazia pengo la kwanza. Mama yako alikueleza, neno lake umeliandika kwa mkono wako mwenyewe, ukapita kama hukuliona. Kupona haraka hukukutolea jasho; ulijaliwa tu, ukageuza kupona huko kiboko cha kumchapia mwenzio. Na alipocheka na mafundi, ulidhani anafurahi?

Nakuonea huruma, kidogo. Unaogopa atakufa, ndiyo maana umeandika. Basi acha kutafuta wa kukutetea. Kesho asubuhi wakusanye mafundi walewale, waambie ulimdhulumu, na jina lile lisisikike tena hapo. Akitoka hospitali, kazi yake ataipanga daktari, si wewe. Akiambiwa achore vipimo amekaa, akae, nawe funga mdomo. Ukitoka karakana nenda wodini, umwombe shemeji yako radhi kabla hujaomba kuingia. Akikukatalia, usibishane naye. Kaa kwenye benchi la nje. Afya unayo, subiri.