Walifutwa kwa Sababu Walielewa

Kwako dada Esta, huko Songea,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini tangu nipate akili sijawahi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia, na sitaacha leo kwa sababu ya hasira. Maana nina hasira, dada. Mara ngapi nimeanza kukuandikia meseji nikaifuta! Maneno yalikuwa machache kuliko yaliyonijaa kifuani. Ndiyo nikaamua kuandika barua, tena barua ya wazi, anayetaka aisome, kwa sababu lililotutokea sisi wawili linawahusu watu wengi kuliko sisi.

Wiki iliyopita nilimwona Mama Yohana.

Nilikuwa stendi ya Masasi nasubiri gari la Newala, mtu akanishika mkono kwa nyuma. Sikumtambua. Yule tuliyemwacha miaka mitatu iliyopita alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mabega inaonekana. Huyu alikuwa amenenepa, amevaa kitenge kipya, ndoo ya mbaazi iko miguuni pake. Nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hunijui? Mama Yohana, wa kule kwetu juu. Mlikuja na mashine ya maswali."

Akacheka, akaniuliza, "Yule mwenzako mrefu yuko wapi?"

Nikamwambia uko Songea, unashona nguo za shule.

"Mwambie nipo," akasema. "Walinitoa kizazi, lakini nipo. Daktari alisema ningekaa nyumbani mwaka mmoja zaidi, asingekuwa na la kunifanyia." Halafu akanitazama vizuri, kama mtu anayetafuta jina. "Wewe ndiye uliyekuwa unaandika."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananikumbuka tu. Lakini nilipanda gari nikakaa dirishani, na kuanzia Masasi mpaka tunamaliza kupanda milima ya Newala sikuona mkorosho hata mmoja, ingawa njia nzima ni mikorosho.

Nimerudi mbali sana kimawazo tangu siku ile. Nimekumbuka nikiwa darasa la sita pale Lulindi, mwalimu wa sayansi alipofika kwenye ukurasa wa baleghe. Wavulana walianza kuchekacheka, naye akakohoa, akasema, "Hii mtaisoma wenyewe nyumbani," akaruka kwenda mada ya udongo. Kuisoma nyumbani na nini, wakati vitabu vilikuwa vinarudishwa kabatini kila jioni? Mwezi ule ule nikaona damu. Nikajua nimeumia ndani na nitakufa. Wewe ulikuwa umerudi likizo, uko kidato cha nne. Mama mkubwa, aliyetulea sote wawili, alikukuta unanibembeleza nyuma ya jiko akadhani nimechapwa. Kesho yake ulikwenda kwa mwalimu, sijui ulimwambia nini, ukarudi na kitabu. Tulikaa tunabangua karanga, unanisomea mstari kwa mstari, kila neno gumu unalivunja kwa Kimakonde mpaka nilielewe. Ukaniambia, "Ukisikia neno na hujui ni sehemu gani ya mwili wako, basi hujaambiwa kitu."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sikujua kwamba nimesikia jambo ambalo wakubwa wangekuja kulizunguka na magari na vishikwambi bila kulifikia.

Wewe ndiye uliyeniingiza kwenye kazi ya utafiti. Mimi nilikuwa nimetoka chuo, nakaa tu nyumbani, wewe ukasema wanatafuta wadadisi wanaojua lugha za huku. Tukaajiriwa pamoja. Unakumbuka semina ile? Tuliambiwa tunapima jinsi wanawake wanavyoelewa matangazo ya afya ya redioni, wenye elimu na wasio na elimu. Tutawasikilizisha tangazo kwenye spika, tutawauliza wameelewa nini, tutaandika wanavyosema. Na sheria kubwa, msimamizi aliirudia mpaka tukaikariri: usimfundishe unayemhoji, usimsahihishe, hata akikosea mbele yako. Ukimfundisha mmoja atawaambia majirani, na kijiji kizima kitakuwa kimeharibika.

Mimi niliiandika kwenye daftari nikaipigia mstari. Wewe uliuliza, "Na tukimaliza kuwahoji, nani atawafundisha?" Akajibu kwamba hiyo ni awamu nyingine.

Tukafika Newala, kuna baridi na ukungu, asubuhi huoni nyumba ya jirani. Kwa Mama Yohana tuliingia mchana, jua limeshatoka, anaanika muhogo uani. Wewe unauliza kwa sababu Kimakonde chako ni kizuri kuliko changu, mimi naandika. Ulipomuuliza kama nyumbani kuna redio alisema ipo. Unaisikiliza? "Inakwenda shamba na Baba Yohana. Jioni inarudi na mpira." Tulicheka wote watatu. Nami nikaweka alama: redio, ipo.

Tukamchezea tangazo. Sauti nzuri ya dada wa mjini inasema wanawake wajitokeze kufanya uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi, kwani ikigundulika katika hatua za awali inatibika. Ukamwomba aeleze kwa maneno yake. Mama Yohana akafuta mikono, akapapasa shingo yake, pande zote mbili.

"Wanasema kuna ugonjwa wa shingo. Wanauchunguza. Unawapata wenye mimba ya awali, kizazi kipya hiki. Mimi shingo yangu nzima, namshukuru Mungu."

Nikaandika. Nikabonyeza: hajaelewa. Na ukweli wote niseme, nilijizuia kucheka.

Halafu akaendelea, kama mtu anayezungumza na wageni tu, kwamba shida yake yeye iko chini. Kwamba alishafunga kuona siku zake zamani, lakini sasa damu imerudi, inakuja inakwenda, tena ina harufu, na mume wake amehamia chumba kingine. Akasema labda mwili unarudi usichana.

Mimi nilikuwa natafuta pa kuandika hayo. Hakukuwa na nafasi, dodoso lilikuwa linataka swali linalofuata. Nikakutazama ili unipe swali linalofuata.

Ukavuta kigoda ukamsogelea. Ukaniambia, "Zima hicho kishikwambi." Ukaanza kumweleza kwa Kimakonde, taratibu, mkono wako uko tumboni kwako unamwonyesha ni wapi, kwamba shingo inayosemwa siyo ya kichwa, ni mlango wa mfuko anamokaa mtoto, na damu yake hiyo siyo usichana, aende hospitali wiki hiyo hiyo, asingoje korosho ziishe. Yeye akakuuliza, "Sasa kwa nini hawakusema hivyo?" Ukamshika mkono.

Nami nilikizima, dada. Nataka ukumbuke hilo, hata kama silo lililobaki moyoni mwako.

Yaliyofuata unayajua, lakini wanaosoma barua hii hawayajui. Mama Yohana aliwaambia wenzake kwenye foleni ya maji. Siku mbili zilizofuata kila mwanamke wa kitongoji kile tuliyemchezea tangazo alijibu sawasawa, wengine kabla halijaisha. Bibi mmoja ambaye hajawahi kukanyaga darasani alimweleza mdadisi wetu wa kiume ile shingo iko wapi mpaka kijana wa watu akaangalia chini. Msimamizi alisoma majibu jioni, yote yana maneno yale yale, akajua. Utafiti wetu wa kupima uelewa ulikuwa umeharibika kwa sababu wanawake walikuwa wameelewa.

Akaniita peke yangu. "Neema, ulikuwa na Esta kwenye nyumba ile. Alitoka nje ya dodoso?"

Nikasema ndiyo. Hilo silijutii, lilikuwa kweli. Lakini sikuishia hapo. Nilikuwa naogopa kurudi kukaa nyumbani, nikaongeza, "Nilimkataza."

Sikukukataza. Wewe unajua, mimi najua, na Mama Yohana, anayekumbuka tu kwamba nilikuwa naandika, naye anajua. Msimamizi alikurudishia maneno yangu, akakufukuza kazi. Kesho yake asubuhi ulitoka na begi lako kwenda kupanda gari la Masasi, nikakukimbilia kwenye ukungu ule nikiwa na kandambili. Uliniuliza kitu kimoja tu: "Ulinikataza saa ngapi, Neema?" Nikasimama pale mpaka gari likaondoka.

Nimebaki kwenye kazi hii miaka mitatu, nami sasa ni msimamizi. Nilikuwepo siku ya kusoma matokeo pale Masasi. Ukumbi umejaa, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. Mtoa mada akasema wanawake wasiomaliza shule ya msingi wana uelewa mdogo wa ujumbe wa afya. Watu wakaandika. Nikatafuta kitongoji chetu kwenye orodha, hakipo. Nikanyoosha mkono nikauliza. Akasema kwa upole kabisa kwamba takwimu zake zilikuwa na kasoro zikafutwa.

Nikasema, "Wale mliowafuta ndio walioelewa. Wengi wao hawakusoma. Walieleweshwa na mtu mmoja kwa dakika chache, kwa lugha ya nyumbani kwao. Sasa tatizo ni elimu yao au ni tangazo?"

"Hoja nzuri sana, tutaizingatia," mtoa mada akasema, na tukaambiwa twende tukanywe chai.

Tangazo bado linaimba, dada. Shingo ile ile, awali ile ile. Nimeandika kwenye ripoti, nimesema kwenye vikao, nimemfuata mkuu wangu hadi mlangoni pa gari lake. Mwezi uliopita tulipopewa utafiti mwingine wa Newala nikasema sitafundisha wadadisi wapya mpaka ikubaliwe kwamba swali la mwisho likishajibiwa, mama aelezwe. Walibishana siku nzima. Mwishowe wakanijia na maafikiano yao, wanatabasamu: mdadisi akimaliza ataacha karatasi ya maelezo.

Karatasi! Kwa wanawake ambao tumekwenda kuthibitisha kwamba hawasomi.

Nilicheka mbele yao, kicheko kibaya. Nikazichukua zile karatasi. Na siku ile niliyomkuta Mama Yohana stendi ndiyo siku niliyokuwa napanda Newala kuanza kazi. Jioni niliwaita wadadisi wangu nikawaambia: swali la mwisho likiisha, karatasi hii haiachwi mezani, inasomwa kwa sauti, kwa lugha ya nyumba ile, na anayesoma aonyeshe kwa mkono ni wapi. Binti mmoja akauliza, "Dada, si tumekatazwa?" Nikamwambia mmekatazwa, mimi ndiye ninayewaagiza. Kisha nikayaandika hayo hayo kwenye taarifa ya siku, nikaweka jina langu kamili, nikaituma ofisini. Hawajanijibu. Huenda wakanifukuza, huenda wakazifuta na takwimu hizi. Mimi nimechoka kungoja awamu nyingine.

Sasa nikugeukie wewe, maana hasira yangu nyingine ni yako. Nilikosa, nimelisema mbele ya watu. Lakini wewe, mwalimu wangu wa kwanza, mtu wa kuvuta kigoda umsogelee mgeni usiyemjua, ulishindwaje kunisogelea mimi? Ulibadilisha namba. Harusi yangu ulituma khanga, hukuja. Nilipojifungua ulimuuliza mama mkubwa mtoto ana uzito gani, hukuuliza mimi naendeleaje. Nilipata mtoto wa kike, dada, na huwa naogopa siku atakayoniuliza mambo ya mwili wake, kwa sababu yule aliyejua kuyaeleza hayupo kwetu.

Siombi tuyasahau. Nataka unigombeze. Nataka uniulize tena lile swali la saa ngapi, safari hii nikujibu kwamba sikukukataza hata mara moja, nilikuona uko sawa na nikaogopa.

Mama mkubwa ananiambia unampigia kila Jumapili watu wakishatoka kanisani. Jumapili hii nitakuwa Lulindi, na simu nimeshamwomba. Atakayepokea ni mimi. Usikate.

Mdogo wako wa Lulindi,
Neema