Mkwaruzo wa Pete ya Mama

Dada yangu uliye mbali,

Hili sijamwambia mtu: ule mkwaruzo wa pete ya mama kwenye mlango wa gari la kale la baba, nimeufuta mimi.

Unakumbuka baba alivyokuwa akilipaka nta, akiuzunguka taratibu kama kidonda. Tangu tumzike mama, kila akiugusa machozi humlengalenga. Nikadhani mkwaruzo ukiondoka atapumua. Jana akiwa kazini, nikausugua kwa dawa ya kung'arishia rangi mpaka nikajiona uso mlangoni.

Aliporudi, akapapasa chini ya kitasa kwa kidole gumba. "Mwanangu, mkwaruzo si ulikuwa hapa?"

Dada, unanijua nilivyo mwoga. Nikasema, "Labda ni mlango wa upande wa pili, baba."

Akacheka. "Uzee huu! Mama yenu angenisema mpaka kesho."

Akazunguka, akaanza kupapasa upande wa pili. Leo tena ametoka kazini akaenda moja kwa moja kuutafuta. Anaamini amesahau, dada. Nimwambieje?

Hizo ndala zake, anakuja. Anaita, "Mwanangu, niletee tochi, huenda macho ndiyo hayaoni."

Naificha barua.