Kikwembe Nilichokirudisha

Yaya Solange, dada yangu mkubwa,

Unisamehe. Tangu tukuzike miaka miwili inaisha na sijakuandikia hata mstari mmoja. Kila wiki nilisema ni wiki hii. Halafu mtoto anapata homa, au yule madame wa Jumatano anataka nisafishe na madirisha, basi, wiki imepita. Na nikuambie ukweli: sikuwa na habari ya kukufurahisha. Hata leo sina. Nina hasira tu, na nusu yake ni yako, ndiyo maana nimekuletea.

Niko kwenye lavoir yetu ya Saint-Gilles, pale pa kufulia, mbele ya ile mashine ya mwisho uliyopenda kuegemea kwa sababu inatoa joto na mifupa yako iliomba joto. Ni Jumapili asubuhi. Wenzetu wako kanisani. Plamedi wetu anapanga soksi mbili mbili. Exaucé amelala kwenye poussette, kigari chake, mdomo wazi kama baba yake. Nguo zikikauka nitanyamaza.

Bon. Yule mtu anataka kutoka.

Jina lake siliandiki. Sisi watoto wa kwaya tulimwita Tonton Maestro, kwa sababu alitufundisha kuimba, na kwa sababu papa alipofariki ndiye aliyetuletea mfuko wa unga mpaka ghorofa ya nne. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi saba. Ulipofika miaka ishirini na tano ulikwenda polisi peke yako, ukarudi, ukasonga bukari, ukasema, "Nimeshasema." Wakamhukumu, wakamfunga. Halafu damu yako, ile damu mbaya uliyozaliwa nayo, ikakushinda. Wewe umekwenda. Yeye ananenepa. Na sasa ameomba mahakama wamwachie kabla ya muda wake, na ili wamkubalie ametoa ahadi: atapigwa sindano.

Sindano ya kumhasi, yaya. Si kisu. Ni dawa anayochomwa mwanamume, kisha baada ya muda anachomwa tena, ili ile hamu ya mwili ipungue. Alinielezea mama mmoja wa maison de justice, ile ofisi ya mambo ya hukumu, ana miwani na sauti ya chini kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa. Nikamuuliza, nani amemlazimisha? Akasema hakuna, lazima akubali mwenyewe. Nikamuuliza, akiacha, hamu inarudi? Akasema inaweza kurudi, lakini mahakama itaambiwa. Itaambiwa! Nikacheka vibaya mpaka Exaucé akaamka. Akasema mimi siwezi kuamua atoke au asitoke, lakini kama ndugu wa marehemu nina haki ya kuandika masharti ninayotaka awekewe. Akanipa karatasi. Mwisho ni Alhamisi.

Nilimpeleka Plamedi kusuka kwa Maman Bijou, kule Galerie d'Ixelles, na wewe unajua pale habari inafika kabla ya mwenyewe. Wamama walikuwa wanashangilia!

"Ulaya bako na akili! Banamuchoma sindano kama ng'ombe!"

"Sindano ya nini? Kwetu ni wembe!"

"Alors, akitoka ataimba soprano!"

Yaya, nilicheka pamoja nao. Nilicheka mpaka machozi. Nikiwa njiani kuelekea tram ndipo kicheko kikakatika. Wote wale wanadhani sindano ni adhabu. Si adhabu. Ndiyo tiketi yake ya kutokea. Na pasta ameshaanza kumwombea mimbarini, anamwita "towashi wa Bwana", kana kwamba kuna kitu ametoa sadaka. Wewe ndiye uliyetolewa. Wewe!

Nikakumbuka siku ya hukumu, kwenye koridoo ya mahakama. Mimi nilikuwa nalia na kupiga ukuta, nasema wangemkata tu, wangemkata kabisa. Wewe ulikuwa unafunga vifungo vya manto yako, lile koti la baridi, polepole, kwa vile vidole vyako vilivyovimba. Ukaniambia, "Bakimukata ile, atabakia na mikono. Na kinywa." Halafu ukauliza kama kuna basi au twende kwa miguu.

Wakati ule sikukuelewa. Sasa naelewa. Ubaya wa yule haukuanzia kwenye suruali yake. Ulianzia kwenye ule mfuko wa unga. Ulianzia kwenye ufunguo wa chumba cha mazoezi, ambao ni yeye peke yake aliyeubeba. Na ulianzia kwenye biskuti.

Biskuti sijawahi kuziandika popote. Alikuwa ananipa paketi nzima, karatasi ya bluu, zile zenye chokoleti upande mmoja, ananiambia, "Kaa kwenye ngazi, mtoto mzuri, umngoje yaya yako, anajifunza sauti ya pili." Na mimi nilikaa. Nilikula moja moja ili zisiishe. Mlango nyuma yangu umefungwa na mimi nalamba chokoleti. Nilipokuja kukuambia, tayari nimekuwa mkubwa, nilikuwa nalia. Ukanipangusa uso na pindo la kikwembe chako, kile kitenge cha kila siku, ukasema, "Ulikuwa na njaa. Basi." Nimeishi na hilo "basi" lako mpaka leo, na bado siwezi kuingiza biskuti za aina ile nyumbani kwangu.

Sasa sikiliza walichotufanyia kwenye kilio chako.

Unakumbuka, hapana, huwezi kukumbuka: tulivaa sare, kikwembe cha zambarau chenye maua meupe. Mama alinipigia simu toka Lubumbashi, alikorudi kuishi, akasema vikwembe vimeshapatikana, nisihangaike. Sikuuliza vimetoka wapi. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa rungu. Nilifunga changu, nikakuzika.

Majuzi Maman Odette, mke wa yule mtu, amekuja kwangu bila kupiga simu. Alikaa kwenye kiti chako. Akatoa barua iliyokwisha kuchapwa, inasema familia ya marehemu imemsamehe mume wake, pa kutia sahihi pako tayari. Juu ya barua, picha: sisi wote kaburini, zambarau na maua meupe.

"Kile kikwembe ni mimi niliuza," akaniambia. Wewe unajua kwetu kuuza ni kununua pia. "Mama yako alipokea. Na wewe ulivala. Mutoto, unajua desturi: ukivala kikwembe ya muntu ku kilio, maneno imekwisha."

Nikampigia mama palepale. Mama akasema: "Mutoto wangu, mambo ya zamani. Balitusaidia. Sasa unatafuta nini tena?" Yaya, nampenda mama, simu nilimkatia.

Desturi naijua. Kikwembe cha kilio hakirudishwi. Lakini nilikitoa chini ya kabati, nikakifua hapahapa, kwenye mashine yako, nikakipiga pasi mstari kwa mstari. Jana saa kumi nikakipeleka kwenye ukumbi wa kwaya, nyuma ya Chaussée d'Ixelles, wamama wote wakiwepo, na Plamedi nimemshika mkono. Nikamwekea Maman Odette mikononi.

"Shika kitu yako, maman. Munasema kuvala ni kusamehe. Bon. Mwenye kusamehe hakuvala. Yaya yangu alizikwa na robe, gauni yake ya bluu, aliinunua na franga zake."

Mmoja akapiga kofi mapajani, "Mayee!" Maman Odette akaanza kulia, akasema mume wake sasa ni mtu mwingine, dawa itamsafisha, mimi nina roho ya jiwe. Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema dawa haitamnyang'anya ufunguo. Nikasema biskuti. Mbele ya watu wote nikasema ngazi, na karatasi ya bluu, na kwamba mimi ndiye niliyekula.

Nikatoka. Karibu na Porte de Namur nikasikia mtu ananifuata, anahema. Ni mama mmoja wa sauti ya tatu, unamjua, yule mnyamavu ambaye mtoto wake wa kike aliimba kwa yule mtu kabla hajafungwa, ameacha kwaya na kuacha shule na hataki kusema kwa nini. Hakunisalimu. Akaniuliza tu:

"Ile biskuti. Chokoleti ilikuwa upande moya?"

Nikasema ndiyo.

Akakaa chini, palepale, mbele ya duka la viatu, watu wanamruka. Plamedi akampa mtandio wake wa shingo apanguse uso.

Kwa hiyo karatasi ya mahakama nimeijaza leo asubuhi. Kifaransa changu cha kuokoteza, lakini kinasomeka. Nimeandika: asishike ufunguo wa mahali popote penye watoto. Asiongoze kwaya. Asimpe mtoto wa mtu chakula. Asikanyage Saint-Gilles. Na kuhusu sindano nimeandika hivi: hayo ni mambo yake na daktari, kama inamsaidia achomwe, lakini musiihesabu kama malipo yetu, sisi hatujapokea kitu. Nisikudanganye, yaya, ziko siku bado natamani wembe. Nikimwona Plamedi anaoga, natamani wembe. Lakini wembe usingemzuia yule mama kuketi chini barabarani. Kilichochelewa ni kinywa changu.

Kesho, Jumatatu, nitawaacha watoto shule na kreshi, nitamwambia madame wa Jumatatu siji, na nitakwenda na yule mama na binti yake polisi. Wewe ulikwenda peke yako, mimi nilikuwa naogopa, nikajifanya nimelala. Yule msichana hatakwenda peke yake. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nimeiandika kwa kalamu, si kwa penseli.

Mashine imesimama. Kwaheri, yaya wangu wa joto. Lala, mifupa isikuume tena.

Ila kuna vitu bado nahitaji unitumie, nakuandikia usisahau. Usingizi, saa nne zinatosha, lakini mfululizo. Ule wimbo uliomwimbia Plamedi wakati wa kumsuka, si wa kwaya, ule mwingine, maana kwangu analia. Hiyo sauti yako ya koridoo, ya kuulizia basi, niitumie kesho nikiwa mbele ya polisi. Msamaha acha, mama ameshatuma mwingi. Na maneno ya kumwambia Plamedi juu ya biskuti. Yawe mafupi, yaya. Ana miaka sita, hata mfuko wake wa shule bado unamlemea.

Mudogo wako,
Nadège