Mkwe Haamkiwi: Safari ya Ziwa Ngosi

Alhamisi, 19 Desemba
Nimefua, nimeanika, nimepanga begi kwa orodha. Masweta mawili ya kuazima. Mabuti ya mvua. Halua ya baba mkwe. Miezi mitano ya ndoa na bado sijamwona. Harusini hakuja, kifua kilimbana. Musa anasema Jumapili mzee mwenyewe atatupeleka Ziwa Ngosi, lililo ndani ya shimo la volkano, juu mlimani. Nataka anipende. Basi.

Ijumaa, 20 Desemba
Ndani ya basi la Mbeya. Musa amenieleza tena mila yao. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawagusani. Ndiyo heshima. Nimemjibu nimeelewa. Lakini kwetu Bagamoyo ukimpita mkubwa bila kumwamkia, habari inafika nyumbani kabla yako.

Jumamosi, 21 Desemba
Nimeharibu.
Asubuhi nilikuwa nachota maji. Mzee akatokea migombani, ana kwa ana. Magoti yakakunjika yenyewe. "Shikamoo, baba." Nikashika mkono wake, nikaubusu. Akauchomoa kama aliyeungua, akarudi alikotoka.
Mchana hakuja kula. Tumaini, dada yake Musa, alicheka mpaka akakaa chini. "Wifi, hata mama yangu hakuwahi kumbusu mzee yule mkono. Huko pwani mnabusu kila mtu?"  Kisha akasema huenda kesho mzee asiende.
Nimelia chooni. Musa anasema nisijali. Najali.

Jumapili, 22 Desemba
Naandika nikiwa na nguo kavu. Mwili wote unauma.
Mvua ilianza alfajiri. Mzee hakuwepo, wala jembe lake. Tumaini akasema katangulia msituni, tumfuate. Nikajua ananikimbia.
Mwanzo njia ilikuwa nzuri. Kisha mianzi, mizizi, ukungu, matope hadi kwenye vifundo. Nilianguka mara nne (nimehesabu). Tulipofika kwenye mwinuko mkali nikamwambia Musa siwezi, turudi. Hapo tukaziona ngazi. Zimechimbwa kwa jembe kwenye udongo, mbichi, maji hayajazijaza. Moja, nyingine, hadi juu kwenye ukungu.
Musa ana miguu mirefu. Kila hatua alijikwaa, akalaumu zimebanana mno. Mimi zilinitosha sawasawa. Mtu asiyenitazama amejuaje urefu wa hatua yangu?
Juu ukingoni mzee alikuwa amekaa mbali, ametupa mgongo, amelowa chapachapa na kifua chake kile. Anakohoa. Magoti yalitaka kukunjika tena. Nikayakatalia. Nikageuka, nikakaa, na mimi nikampa mgongo. Ndiyo adabu ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.
Ziwa halikuonekana. Weupe mtupu. Tulingoja karibu saa nzima. Kisha upepo ukafungua kidogo, na chini kabisa, mbali kuliko nilivyodhani, maji ya kijani yaliyotulia. Nikashika mkono wa Musa. Ukungu ukafunga.
Wakati wa kushuka mzee aliongea, uso kwenye miti. "Musa, mwambie mwanangu akanyage kwa visigino."
Musa akanigeukia anieleze. Nilikuwa nimeshaanza kukanyaga kwa visigino.

Jumatatu, 23 Desemba
Mzee yuko kitandani, ana homa. Kosa langu, nimesema. Tumaini kanikemea: mzee hajawahi kulazimishwa na mtu kushika jembe. Nimepika uji wa tangawizi, kaupeleka yeye. Bakuli limerudi tupu. Mara tatu.

Alhamisi, 26 Desemba
Bagamoyo. Joto. Nimeosha mabuti, udongo wao mwekundu haukubali kutoka wote.
Jioni Musa kampigia baba yake. Homa imeshuka, amekula. Simu ilipopokelewa niliinuka, nikatoka nje, nikakaa barazani hadi walipomaliza. Bi Zuhura wa jirani akauliza kama nimegombana na wakwe.
Nikamwambia hapana. Namwamkia baba mkwe.