Maandazi Katika Soko Tupu

Gisenyi, kando ya ziwa

Kwako Dada Zuhura, uliyenibeba mgongoni huko Kasongo,

Amani ikukute umeketi na watoto wote. Mgongo wa Mama umepoa? Na macho yako, bado yanaona tundu la sindano? Sisi tu wazima, ingawa naishi kama mtu aliye usingizini. Asubuhi ukungu unapanda kutoka ziwani, milima ya Bugeshi inapotea, na sauti za watu zinafika kabla ya watu wenyewe.

Mmesikia habari za huku. Wahutu na Watutsi wameingiwa na uadui. Nyumba zimechomwa milimani, majivu mepesi yanatuangukia mjini na watoto wanayadaka. Mume wangu, ndiye sajini wa polisi hapa, analala amesimama. Siku ya soko ilipofika hakuna aliyefungua. Akaniambia, "Pika maandazi, ukakae sokoni."

"Peke yangu?"

"Watu wakiogopana bila kuonana, wataumizana. We kaa. Watakuja."

Nilimkasirikia, dada. Nikamwuliza kwa nini asimpeleke mke wa mwingine.

"Nikimweka mke wa mwingine," akasema, "nani ataniamini?"

Basi nikakaa katikati ya uwanja mtupu, mafuta yakinong'ona karaini. Akaja Mama Kabera, Mtutsi anayeuza maziwa, akatua kibuyu karibu yangu. Halafu mwanamke wa Kihutu kutoka Bugeshi, kikapu cha viazi kichwani. Wote wawili wakatazama chini. Nikawapa maandazi. Wakala.

Ndipo tukasikia vijana wa milimani wakishuka na mapanga. Mume wangu akamwachia askari wake bunduki, akawaendea mikono mitupu. Sikumwona kwa ukungu. Nilisikia sauti yake tu, taratibu, kama anayebembeleza mgonjwa: "Sokoni mutaingia. Mapanga yatabaki hapa. Mama zenu wako ndani, wanauza."

Mmoja akajibu, "Muongo. Soko iko tupu."

Mwanamke wa viazi akasimama, akajitwika tena kikapu, akamwita mwanawe kwa jina, akamwambia aje amtue mzigo. Kisha chuma kikalia juu ya mawe, panga moja, halafu jingine. Wakatokea ukunguni, wadogo kuliko sauti zao. Yule mwana akaomba maziwa. Mama Kabera akampimia, maziwa yakimwagikia vidole.

Siku ile mji haukuchomwa. Lakini sikudanganyi: baadaye Mama Kabera alivuka mpaka na wanawe kwenda Goma, na mahali pake hajakaa mtu. Mume wangu akipita hapo hupunguza mwendo.

Nisalimie Mama, umwambie mkwewe ni mzima. Nisalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na mjomba anayefundisha chuo cha Kurani, atuombee dua.

Kesho ni siku ya soko tena. Hajaniambia niende, lakini unga nimeshaukanda.

Mimi mdogo wako,
Amina