Nilichomtafsiria Bukari

Jumapili, 8 Juni 2025

Likizo. Nyarugusu ni vumbi lilelile, na karasha zinasaga mawe mpaka Padre anapaza sauti kanisani. Kidato cha tano nimemaliza Shinyanga, mwezi ujao naanza cha sita. Kila mtu ananiuliza nasoma nini. Nikisema Kifaransa, wanacheka. Kaka Onesmo peke yake ndiye hacheki. Tangu Baba afariki ni yeye anayenisomesha, kwa kushuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, kila siku kuchimba. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto amekiacha hukohuko chini.

Leo nimezungumza Kifaransa na mtu ambaye si mwalimu! Anaitwa Bukari, fundi wa karasha, katokea Burkina Faso. Ana miezi michache tu hapa, Kiswahili chake ni "maji" na "kesho". Nilipomsalimia kwa lugha yake aliangusha spana. Anaongea haraka, anameza maneno, si kama Madamu Dorah wa shuleni. Nikakosea kitenzi, akanisahihisha bila kunicheka. Ana binti wa rika langu, anasema.

Jumanne, 10 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilikuwa nachambua mboga, nikasikia mwano — lile yowe la kuita watu kwenye hatari. Wanaume wakatoka mbio na fimbo, wengine na mapanga. Makoye, mchimbaji mwenzake Onesmo, amekutwa nyuma ya karasha, amekufa. Kichwa kimepasuliwa kwa nyundo. Bukari alikutwa amempakata, damu mpaka viwikoni. Wakamuuliza, akashindwa kujieleza. Basi, wakaanza kumpiga.

Nilipofika sikumtambua. Jicho moja limevimba likafumba. Meno chini, kwenye mchanga. Kijana mmoja alikuwa anamkanyaga vidole kwa buti, taratibu, kama mtu anayezima sigara. Mama Lusia, anayetuuzia nyanya, mwanamke mpole siku zote, alikuwa anampiga mgongoni kwa ubao wenye msumari. Tairi lilikuwa limeshaletwa. Na dumu la petroli.

Herman, kamanda wa sungusungu, akapuliza filimbi. Alisema asichomwe kabla hajasema. Ndipo mtu akanitaja: binti wa Mama Onesmo anajua lugha yake. Wakanisukuma mbele.

"Muulize kwa nini amemuua Makoye," Herman akasema.

Nikauliza. Ilinitoka kama darasani, matamshi safi kabisa. Bukari akatema damu, akaniangalia kwa jicho lililobaki. Alifurahi kuniona. Hilo sitalisahau.

Alisema hakuua. Aliwakuta watu wawili wanagombania kiroba cha mbale, yale mawe yenye dhahabu. Mmoja akampiga mwenzake nyundo ya kichwa. Mwenzake akaanguka. Akampiga tena akiwa chini, kisha akakimbia. Yeye Bukari alikwenda kumwinua yule aliyeanguka, ndiyo damu hii. Sauti ilikuwa inakatika, lakini nilielewa.

Herman akataka kujua ni nani aliyepiga. Bukari hajui jina. Alisema: yule mrefu asiye na kidole, mkono wa kushoto.

Onesmo alikuwa amesimama nyuma ya Herman. Ameshika jiwe.

Madamu Dorah hutuambia mkalimani haongezi wala hapunguzi. Nilielewa kila neno. Kila neno! Nikageuka, nikasema kwa Kiswahili:

"Anasema hakuua. Na aliyeua hakumwona."

Watu wakanguruma kwamba ni mwongo. Jiwe la kwanza alirusha Onesmo. Lilimpata Bukari mdomoni. Baada ya hapo sikuona vizuri, watu walimfunika. Nilisikia tu — kama mtu anapura mtama.

Polisi walifika wakapiga risasi juu. Walimtupa nyuma ya gari kama gunia. Alikuwa bado anapumua.

Jumatano, 11 Juni

Tumemzika Makoye. Onesmo alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alimshika mkono mama wa marehemu, akamwambia kwa Kisukuma, pole mayu, pole mama.

Tuliporudi akanifuata jikoni. Aliniuliza yule mtu alisema nini hasa. Nikamwambia. Akanikaba, akanibana ukutani mpaka macho yakaingia giza.

"Ulisema vizuri," akasema. "Usije ukabadilisha."

Alikuwa analia. Mama alikuwa palepale. Aliona. Akageukia jiko, akaendelea kusonga ugali.

Shingo ina alama za vidole vyake. Nimejifunga kitambaa.

Alhamisi, 12 Juni

Bukari hajafa. Amelazwa Geita, taya imevunjika, ila ananong'ona. Askari wawili wamekuja asubuhi hii, wakamwamkia Mama shikamoo, wakasema wanamhitaji binti akatafsiri. Mkalimani wa kutoka Mwanza hajapatikana. Wako nje, wanasubiri nibadilishe nguo. Onesmo ameshashuka duarani, hajui.

Nimemwambia Mama kwamba safari hii nitasema yote.

Hakupaza sauti. Amesema watu wakijua ni Onesmo hawatangoja polisi, tairi bado liko pale karashani. Nikamwambia tukinyamaza Bukari atanyongwa kwa kosa lisilo lake. Ana mtoto. Akafikiri kidogo, kweli alifikiri, nilimwona.

"Huyo hana mama hapa," akasema.

Kisha akaenda kusimama mlangoni. Ameuegemea kwa mgongo, mikono ameifungia kwenye kitenge. Nimekaa kitandani naandika, viatu nimeshavaa. Honi imelia. Nimemwomba anipishe. Amezidi kuukandamiza mlango kwa mgongo.

Honi tena. Mlango ni huo mmoja. Nainuka —